Barua Zenu: Filamu Imekwisha, Mjadala Uanze

Barua nyingi za safari hii zimekuja na jambo moja: dokumentari za michezo kwenye runinga. Mmeziangalia geto, darasani, sebuleni na wazee, kisha mkagombana, kisha mkaniandikia. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeketi kwenye chumba cha kuhariri picha cha televisheni, kwa hiyo nimezisoma zote kwa furaha. Hizi sita nimezijibu kwa kadiri zilivyonigusa.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Morogoro, tunaishi wanne geto moja. Tumemaliza The Last Dance, sehemu zote kumi, na sasa hatuelewani. Wenzangu wanasema Jerry Krause, meneja mkuu, ndiye aliyeivunja timu ya kikapu ya Chicago Bulls, ushahidi wote umo mle. Mimi nasema yule mzee hatujamsikia. Wananiambia nabishana na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Tuamulie. – Mbishi wa Geto, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Niko upande wako, na nakupa sababu ukawape wenzako.

Krause alifariki Machi 2017. Mfululizo ule ulianza kuonyeshwa Aprili 2020. Kila mnachokiona cha Krause mle ni picha za zamani: anatembea, anataniwa na wachezaji kwa ufupi na unene wake, anasema sentensi moja mbele ya waandishi, basi. Michael Jordan yeye ameketi kwenye kiti, glasi pembeni, anapewa tableti aangalie wenzake walichosema kisha ajibu. Mnakumbuka mpinzani wake Gary Payton anavyosimulia jinsi alivyombana kwenye fainali za 1996? Jordan anaangalia, anaangua kicheko, na kicheko kile kinafunga mjadala. Isiah Thomas anaeleza kwa nini yeye na wenzake wa timu ya Detroit walitoka uwanjani mwaka 1991 bila kupeana mikono na washindi. Jordan anatangaza kwamba haamini hata kabla hajapewa tableti. Anayesema mwisho ndiye anayebaki na haki machoni pa mtazamaji. Krause hakuwa na zamu ya mwisho wala ya kwanza.

Halafu msizime runinga majina yakianza kupanda. Someni. Kampuni ya Jordan mwenyewe, Jump 23, ni mshirika katika utayarishaji. Picha za ndani za msimu wa 1997-98 zilipigwa na watu wa NBA kwa makubaliano kwamba hazitatumika bila ridhaa yake, zikakaa ghalani zaidi ya miaka 20. Scottie Pippen na Horace Grant, waliocheza naye Bulls, walilalamika hadharani baada ya kuona walivyochorwa. Sisemi Jordan amedanganya. Nasema hayo ni maelezo ya Jordan, yamepangwa kwa ustadi mkubwa na mwongozaji Jason Hehir, na mimi niliyaangalia mpaka usiku wa manane bila kusinzia. Lakini ni Krause aliyempata Pippen mwaka 1987, akampandisha Phil Jackson kuwa kocha mkuu mwaka 1989, akamchagua Toni Kukoč mwaka 1990 kabla Wamarekani wengi hawajamjua. Mambo hayo yametajwa pia, ila yanapita mbio, bila muziki.

Angalieni huo muziki. Mtu akisifiwa, ngoma zinaingia. Mtu akilaumiwa, kinabaki kimya na uso wake umesogezwa karibu. Sisi wa chumba cha kuhariri tunajua kocha anaweza kukunja uso dakika ya 10 kwa sababu ya jua, na uso uleule ukawekwa dakika ya 80 baada ya penalti kukoswa, na nchi nzima ikasema kocha kakasirika. Dereva Max Verstappen aligoma kwa muda kuhojiwa kwenye Drive to Survive, ule mfululizo wa magari ya Formula 1, akisema watengenezaji wanabuni uhasama ambao haukuwepo. Alikuwa anazungumzia mambo haya haya.

Fanyeni hivi hapo geto. Mmoja kati ya wale wanaomlaumu Krause apewe dakika kumi za kumtetea, bila kukatizwa, kwa kutumia yaliyomo ndani ya mfululizo tu. Mwisho wa dakika hizo niandikieni tena.

SWALI: Habari ya kazi, mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Eldoret. Tuliwaonyesha wanafunzi filamu ya Eliud Kipchoge akikimbia Vienna. Wote walitoka wakisema ile ndiyo rekodi ya dunia ya marathoni. Nilipowaambia haitambuliwi wakanuna, wakasema Wazungu wametunyima. Niwaeleze vipi nisiwavunje moyo? – Mwalimu, Uasin Gishu

JIBU: Mwalimu, hawatavunjika moyo ukiwarudisha kwenye filamu yenyewe, maana jibu liko wazi kwenye picha.

Kipchoge: The Last Milestone ilitoka mwaka 2021, na inahusu asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Simamisha picha mahali popote katikati ya mbio, uwaambie wahesabu watu barabarani. Watano wako mbele yake wamejipanga kwa umbo la V, wawili wako nyuma. Kila baada ya muda kikundi kinatoka, kingine kinaingia bila kuvuruga mpangilio. Jumla walikuwa wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo. Mbele kuna gari linalomulika mistari ya kijani chini, kila mtu akanyage mahali pake. Vinywaji vinaletwa kwa baiskeli. Siku na saa ya kuanza vilichaguliwa kwa kusubiri hali ya hewa nzuri, na hakukuwa na mpinzani hata mmoja. Kanuni za riadha zinataka anayekuwekea kasi aanze na wewe kwenye mstari. Haruhusiwi kuchupa kutoka pembeni akiwa na miguu mipya. Waandaaji walilijua hilo tangu mwanzo na hawakuomba rekodi. Hakuna Mzungu aliyemnyima mtu. Walitaka kujua kama mwili wa binadamu unaweza, na mwili uliojibu ulikuwa wa Mnandi.

Rekodi wanazozitaka hao vijana zipo na ni za nyumbani. Kipchoge huyohuyo alikimbia 2:01:39 Berlin mwaka 2018, akaishusha hadi 2:01:09 palepale mwaka 2022. Tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum, kijana wa Elgeyo Marakwet, jirani zenu kabisa, akakimbia 2:00:35 Chicago. Februari 2024 akafa kwa ajali ya gari. Ukiwatajia Kiptum darasani, nyamaza kidogo kabla hujaendelea, watakuwepo waliomfahamu.

Mimi ningewaongezea kazi moja. Waambie wamtafute Bernard Lagat kwenye filamu. Ni mzaliwa wa Nandi aliyeiwakilisha Marekani, wakati ule ana umri wa miaka 44, na yumo kwenye kikundi cha mwisho. Karibu na mwisho wanaachia nafasi, wanabaki nyuma wakishangilia, Kipchoge anatangulia peke yake huku ananyooshea watu vidole. Huo utaratibu wa kurudi nyuma ili mwenzako aonekane ndio ningependa wanafunzi waujadili. Na hapo Eldoret hukosi mtu ambaye amekula mkate wake kwa kuwawekea wengine kasi kwenye marathoni za Ulaya. Mwalike darasani aeleze anavyolipwa, anavyotoka barabarani kilomita ya 30, na nani anamkumbuka.

SWALI: Mama, bibi yangu anapenda sana michezo lakini dokumentari zote zina Kiingereza na maandishi ya chini. Anakaa anaangalia tu. Nifanyeje? – Mjukuu, Mtwara

JIBU: Mfasirie kwa sauti, mwanangu, kama wanavyofanya watafsiri wa video kwenye vibanda umiza. Shika rimoti, simamisha kila watu wanaposema jambo zito, mwambie, endelea. Usitafsiri kila neno. Sema nani anaongea, ana uhusiano gani na mchezaji, na amesema nini. Usimfasirie matangazo ya mechi, hayo anayaona. Na akiuliza swali usimwambie "subiri". Lijibuni kwanza, hata likiwatoa kwenye filamu nusu saa.

SWALI: Jambo mama. Niko Lubumbashi. Tuliangalia When We Were Kings pamoja na baba mkubwa wangu, ambaye mwaka 1974 alikuwa Kinshasa. Kila mtu alifurahi, yeye akakasirika. Akasema: "Na sisi tuko wapi?" Filamu ilipata zawadi kubwa kule Amerika. Je, mzee anakosea? – Mwana wa Katanga

JIBU: Mpe mzee salamu zangu za heshima. Hakosei, na ningependa kuketi naye.

Kwanza tuitendee haki filamu. Leon Gast alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kupiga picha tamasha la muziki lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa kutoka Septemba hadi tarehe 30 Oktoba, na kamera za Gast zikabaki na Ali wiki hizo zote. Ndiyo maana tuna zile picha za Ali akikimbia na watoto wakimfuata, akiongea barabarani, akitania kila mtu. Kisha fedha zikakwama, kesi zikaja, na filamu ikatoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye, ikachukua tuzo ya Oscar. Bila subira ya Gast tungekuwa na raundi nane za ngumi tu na Foreman chini.

Sasa hoja ya mzee. Hesabuni waliohojiwa baadaye kusimulia mambo yalivyokuwa: waandishi Norman Mailer, George Plimpton na Thomas Hauser, mwongozaji Spike Lee, na Mwafrika mmoja, mwigizaji Malick Bowens wa Mali. Mkongo aliyekaa jukwaani usiku ule hakuulizwa. Umati unaoimba "Ali boma ye" (Ali, muue) unasikika filamu nzima, ila hakuna hata mmoja kati yao anayeketi mbele ya kamera akasema alikuwa nani, alilipa kiasi gani kuingia, alirudije nyumbani. Na mambo ya kuuliza yalikuwepo: Mobutu aliahidi kila bondia dola milioni 5, na pambano lilipigwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani wapate kuliangalia jioni kwao. Baba mkubwa wako alikuwa macho saa hiyo. Wamarekani walikuwa wamemaliza chakula cha jioni.

Kwa wewe wa Lubumbashi kuna jambo la karibu zaidi. Miezi minne kabla ya pambano lile, Leopards, timu ya taifa ya Zaire, yaani Kongo ya wakati ule, walikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Kwenye mechi ya Brazil, tarehe 22 Juni, Wabrazili wanajipanga kupiga mpira wa adhabu. Beki Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla yao. Akapewa kadi ya njano. Kipande kile kimerushwa mara ngapi kwenye vipindi vya vichekesho! Miaka na miaka runinga za Ulaya zilikionyesha kama ushahidi kwamba Waafrika hawajui kanuni. Mwepu alikuwa mchezaji wa Mazembe, klabu iliyokwisha kuwa bingwa wa Afrika mara mbili, 1967 na 1968. Kanuni alizijua. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alifanya kwa makusudi: posho zao hazikulipwa, na baada ya yale mabao 9 walikuwa wametishwa kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu hawatarudi salama. Ukiijua habari hiyo, angalia tena sekunde zile. Angalia uso wake refa anapomfuata. Mimi siwezi kucheka tena.

Kwa hiyo, mwanangu, weka simu mezani, washa kinasa sauti, rudia filamu na mzee, na kila anapokasirika simamisha umuulize yeye alikuwa wapi wakati huo. Mkimaliza, tafuteni Soul Power ya mwaka 2008, iliyotengenezwa kutokana na picha zilizobaki za tamasha lile la muziki. Pengine pale atamwona mtu anayemfahamu.

SWALI: Shikamoo mama. Nimeona kwenye runinga kipande cha John Stephen Akhwari akiingia uwanjani Mexico akichechemea, halafu yale maneno kwamba nchi haikumtuma kuanza mbio bali kumaliza. Rafiki yangu anasema maneno yale yametungwa na watengeneza filamu. Mimi natoka Mbulu, imeniuma. – Kijana wa Mbulu

JIBU: Marahaba. Isikuume. Rafiki yako amegusa kitu kimoja cha kweli na kingine ameongeza chumvi.

Marathoni ile ya Olimpiki ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Akhwari alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari akafika wa 57, wa mwisho, kwa 3:25:27, giza limeingia, mguu umefungwa bendeji inayolegea kila anapokanyaga. Zaidi ya watu 70 walikuwa wameanza, kwa hiyo kuna waliokaa chini kabla yake. Aliyekieneza kipande hiki duniani ni Mmarekani Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu za Olimpiki. Maneno yenyewe husimuliwa na hesabu ya umbali, na hesabu hubadilika kila msimuliaji: mara maili 5,000, mara nyingine zaidi. Kutoka kwetu hadi Mexico City ni zaidi ya kilomita 15,000. Kwa hiyo tarakimu imeguswaguswa na wasimulizi, hilo nakubali. Maana yake haijaguswa, kwa sababu mguu wake ulikwisha kuisema kabla ya kinywa.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Filamu imemgandisha pale. Dunia inamjua kama mtu wa mwisho mwenye moyo, kana kwamba alikuwa mkimbiaji wa kubahatisha. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni nafasi ya tano kwa 2:15:05. Huo ni muda wa mwanariadha wa daraja la juu kabisa zama zile. Kipande hicho hakirushwi. Na nasema hivi nikijua kazi: kijana aliyechechemea anatoa machozi kwa sekunde 40, na mhariri yeyote atamchagua. Lakini Tanzania ingeweza kutengeneza filamu ya saa nzima, kuanzia mabonde ya Mbulu, yenye Mexico katikati na Edinburgh baadaye. Wewe unatoka huko. Wazee waliokuwa shuleni mwaka 1968 bado wapo. Waulize habari ile iliwafikiaje, kwa redio au kwa mtu aliyetoka mjini, na uandike majibu yao.

SWALI: Dada yangu, mimi ni mama wa Tanga. Binti yangu ana miaka 15, anacheza netiboli, mwaka huu anaweza kwenda kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ameniomba tuangalie pamoja dokumentari inaitwa Athlete A. Nimesikia ni ya mambo mabaya. Nimruhusu? – Mama Mcheza Netiboli

JIBU: Mruhusu, dada, na uwe naye. Mtoto aliyekuomba muangalie pamoja amekufungulia mlango.

Filamu hiyo ya mwaka 2020 inahusu wasichana wa jimnastiki wa Marekani walionajisiwa na daktari wa timu yao, Larry Nassar, kwa miaka mingi, kwa kisingizio cha matibabu. Jina la filamu linatokana na jinsi chama cha mchezo kilivyomwandika msichana mmoja, Maggie Nichols, kwenye faili kuficha jina lake. Malalamiko yake yalitolewa mwaka 2015 na chama kikakaa zaidi ya wiki tano kabla ya kuwaambia FBI. Waandishi wa gazeti la Indianapolis Star ndio waliofumua mambo mwaka 2016. Januari 2018, mahakamani Michigan, wanawake zaidi ya 150 walisimama au wakapeleka maneno yao, na Nassar akahukumiwa miaka 40 hadi 175.

Haionyeshi vitendo vyenyewe. Inawasikiliza waliotendewa, na ndiyo maana naiheshimu. Angalia peke yako kwanza, usiku mmoja kabla, ujue mahali pa kusimamisha. Mkiwa pamoja, simamisha wanapoonyesha ile kambi ya mazoezi ya Texas, ambako wazazi hawakuruhusiwa kukanyaga. Hapo usimhubirie. Muulize tu kambi ya shule yao iko vipi: wanalala wangapi chumba kimoja, nani ana ufunguo, akiumia kifundo cha mguu nani anamkanda na nani anakuwepo chumbani, simu zinakusanywa au wanabaki nazo. Kisha nyamaza umsikilize. Pengine atasema hakuna tatizo lolote, na pengine ni kweli.

Kabla ya msafara kuondoka, nenda shuleni uyaulize maswali yaleyale kwa mwalimu wa michezo, kwa heshima, mbele ya wazazi wengine. Omba jina na namba ya simu ya mwalimu wa kike atakayelala na wasichana. Namba hiyo binti aiandike kwenye daftari, siyo kwenye simu pekee, maana simu inaweza kuzima chaji au kukusanywa. Na mwambie kabla hajapanda basi kwamba akikupigia saa yoyote, kwa sababu yoyote, utakwenda kumchukua na hutamuuliza kwanza kama timu yake imeshinda.